Waya wa muda

Waya wenyewe haukufika shibiri. Niliuokota kwenye masalio yaliyokuwa chini ya paneli, nikachuna ncha zake mbili, nikaupachika kati ya terminali ya 14 na ya 15, mtambo ukanguruma. Ilikuwa saa tisa usiku, Changamwe, Mombasa, katika kiwanda ambacho sitakitaja. Lori zilikuwa zimepanga foleni langoni tangu magharibi, madereva wamelala chini ya matrela, na supavaiza wa zamu alikuwa amesimama nyuma yangu karibu nusu saa akiniambia, "Fundi, fanya ufanyavyo, huu mkanda uende." Ukaenda. Akanipiga bega, akaniagizia chai ya tangawizi na mahamri. Nikajiona fundi kwelikweli.

Nilichokiruka kwa ule waya, yaani kukiondoa kazini, ni swichi ya mlango wa kinga, upande wa nyuma wa mkanda unaobeba magunia. Swichi ilikuwa imeliwa na chumvi. Niliweka nia kwamba asubuhi nitaitisha nyingine stoo. Asubuhi stoo hawakuwa nayo. Wiki iliyofuata nikahamishiwa zamu ya mchana, laini nyingine, na ule waya ukanitoka akilini.

Wiki ya tano, mama mmoja wa usafi alifungua mlango ule ili apanguse rola. Mkanda ulikuwa umetulia, unangojea gunia. Alikuwa amefundishwa, tena na mimi, kwamba mlango ukiwa wazi mashini haiwezi kuondoka hata ibonyezwe vipi. Gunia likapita mbele ya fotoseli, jicho la mwanga linaloona gunia likifika, mkanda ukaondoka. Kitambaa kikanyakuliwa mkononi mwake, kikaingia kati ya rola na mkanda, kikatoka upande wa pili vipande viwili. Vidole vyake vilibaki vizima kwa sababu alikuwa amekishika kwa ncha. Hakuna sababu nyingine.

Alinijia na vile vipande. Hakupiga kelele. Alisema, "Mwanangu, si ulinambia nikifungua mlango yasimama?"

Tangu siku ile nina msimamo, na nausema kwa kila fundi wa stima ninayekutana naye, kuanzia Shimanzi hadi Mariakani: katika kazi yetu, waya wa muda ambao haukuandikwa popote ni hatari kuliko waya ulio uchi. Waya ulio uchi unauona. Na lawama siwatupii mafundi peke yao. Naitupa kwenye ile tabia ya viwandani ya kumsifu fundi kwa jambo moja tu, kuamsha mtambo haraka, bila mtu kumuuliza ameuamsha kwa njia gani.

Kwa asiyeijua kazi hii nieleze kidogo. Kiwandani kuna stima ya nguvu, volti 415 inayozungusha mota, na kuna stima ya udhibiti, mara nyingi volti 24 tu, inayoamua mota izunguke au isizunguke. Kazi yangu iko kwenye hiyo ya pili: sensa zinazohisi kilichotokea, rilei, yaani swichi ndogo zinazoendeshwa na stima, kontakta, swichi kubwa inayowasha mota, na PLC, ile kompyuta ndogo ndani ya paneli inayosoma ishara na kutoa amri. Ni stima ndogo, huweza kuishika usiihisi, lakini ndiyo yenye usemi.

Waliotutangulia katika fani hii walikuwa na hekima moja ambayo kila nikiitafakari huipenda zaidi. Saketi za usalama walizipanga ili ukimya uwe na maana ya hatari. Kitufe cha dharura na swichi ya mlango hupitisha stima wakati mambo ni salama, na huikata mambo yakiharibika. Kwa hiyo waya ukitafunwa na panya, au terminali ikilegea, au swichi ikifa, mtambo unasimama wenyewe. Hauhitaji mtu kugundua. Hekima hiyohiyo utaikuta kwenye vipimo vya joto, shinikizo na kina cha tenki: ishara huanzia miliampea 4 na kuishia 20. Kwa nini isianze sifuri? Kwa sababu tenki likiwa tupu utasoma 4, na waya ukikatika utasoma sifuri, na hayo mawili hayapaswi kufanana kamwe. Kontakta nayo hujishika kwa stima yake yenyewe baada ya kubonyeza kitufe cha kuwashia. Stima ikipotea, inajiachia. Stima ikirudi, inangoja binadamu aje abonyeze tena.

Sasa chukua waya usiofika shibiri na uupitishe juu ya hayo yote. Mlango u wazi, PLC inaambiwa umefungwa. Swichi imekufa, PLC inaambiwa ni nzima. Ukimya uliowekwa utuokoe umefundishwa kusema uongo.

Na hapa Kenya stima hupotea. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani usiku mmoja. Miaka saba kabla yake, tarehe 7 Juni 2016, tumbili alianguka juu ya transfoma katika kituo cha kuzalisha stima cha Gitaru na nchi nzima ikazimika vilevile. Watu wa nyumbani huhesabu nyama zilizoharibika kwenye friji. Mimi huhesabu vitufe vya kuwashia vilivyorukwa kwa waya na fundi aliyechoka kubadilisha kitufe. Mtambo wa namna hiyo haungoji mtu. Stima inarudi, nao unaondoka, na mara nyingi wakati stima haipo ndipo watu hutumia nafasi kuingia ndani yake kuusafisha. Nimewahi kuona pampu ikiamka hivyo, fundi wa mitambo ana spana mkononi, hatua mbili tu kutoka kwenye shafti. Tulipofungua paneli tukakuta jampa, ndio huo waya wa muda wa kuruka, iliyogeuka rangi kwa vumbi. Hakuna aliyejua ni ya nani wala ya mwaka gani. Kwenye mchoro wa nyaya haikuwapo.

Mombasa ina mtihani wake pia. Hewa yetu ina chumvi na unyevu, na kusi ikianza na mvua za Mei, swichi zilizo karibu na milango ya ghala huanza kudanganya: asubuhi inakataa, saa sita inafanya kazi, usiku inakataa tena. Hitilafu inayokuja na kwenda humchosha fundi kuliko iliyokufa kabisa. Hapo ndipo mkono huenda kwenye jampa. Ninauelewa mkono huo kwa sababu ni wangu. Lakini kama bahari tunaijua na kusi tunaijua, basi swichi nne za akiba stoo si anasa, ni sawa na mvuvi kubeba tanga la pili. Mwajiri anayesema hana fedha za swichi nimemwona akinunua mota nzima bila kusita.

Najua wenzangu wa uzalishaji watasema nini. Laini ikisimama saa moja, kuna hasara, kuna mteja, kuna meli inayongojwa. Ni kweli, na sipendekezi fundi akunje mikono. Mimi mwenyewe hutumia jampa kila wiki kutafuta hitilafu: naruka sensa moja, naangalia kama mtambo unaitikia, natoa. Hiyo ni halali, ilimradi mkono wangu uko pale na jicho langu liko pale. Sensa ya kuhesabu magunia naweza hata kuiruka hadi asubuhi, tukahesabu kwa kalamu. Lakini mlango wa kinga, kamba ya dharura, kitufe chekundu, hivyo havirukwi ili kazi iendelee, hata meneja aje na barua. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri azibe sehemu za hatari za mitambo, na inamkataza mfanyakazi kuchezea kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Yaani pale saa tisa usiku, mimi na supavaiza wangu sote tulikuwa makosani, na chai ile ilikuwa ya makosa.

Ninapofanya kazi sasa tuna utaratibu ambao niliudai kwa miezi mingi hadi nikaonekana mgomvi. Jampa zetu ni tano, nyaya za manjano zenye urefu wa mkono mzima, kila moja na namba na kibandiko. Zinakaa kwenye kopo la maziwa mezani pa foromani. Ukichukua moja unaandika daftarini: namba, paneli, terminali, saa, jina lako, na jina la aliyekuagiza. Hilo la mwisho ndilo lililoleta ugomvi. Wakubwa wengi walikuwa tayari kuagiza, wachache walikuwa tayari kuandikwa. Tangu kianze kipengele hicho, maagizo ya usiku yamepungua sana. Wakati wa kupokezana zamu, kopo linahesabiwa mbele ya wote. Zikiwa nne, hakuna anayepanda matatu hadi ijulikane ya tano iko wapi.

Kuna jampa ambayo kopo haliwezi kuihesabu, nayo ni ile ya kwenye PLC. Unaunganisha laptopu, unailazimisha pembejeo fulani, yaani ishara inayoingia, isomeke "ndiyo" daima, unachomoa kebo, unakwenda zako. Hakuna waya wa manjano wala vumbi la kukusuta. Kwa hiyo daftari letu lina ukurasa wake, na kila Jumatatu mmoja wetu hupita PLC zote akikagua kama kuna kilicholazimishwa. Ni kazi ya saa mbili na inachosha macho. Mficha maradhi kilio humuumbua, na sisi tumeshakaribia kilio zaidi ya mara moja.

Vijana wa atachimenti, wanafunzi wanaokuja kujifunza kazi, mimi huwafundisha hili siku ya kwanza, kabla hawajashika bisibisi. Nawafungulia paneli, nawapa mchoro na penseli, nawaambia watafute mahali ambapo mchoro na paneli havikubaliani. Wengine hudhani ni adhabu. Kijana mmoja mwaka huu alipata sehemu kumi na moja kwa siku tatu, tatu kati yake sikuzijua, na paneli hiyo nimeihudumia mwenyewe kwa miaka.

Yule mama naye aliacha kile kiwanda kabla yangu, na sasa tuko wote huku. Amekuwa akisafisha mitambo miaka mingi kuliko nilivyoitengeneza. Kila anapotaka kupangusa rola huniita kwanza. Hufungua mlango yeye mwenyewe, mimi nabonyeza kitufe cha kuwashia mbele yake, tunasikiliza. Kimya. Naweka kufuli langu kwenye swichi kuu, nampa ufunguo, anautia kwenye pindo la leso yake, ndipo anachovya kitambaa.