Kufungua bampa la haibridi ya kuchaji nyumbani: hatari iko wapi hasa?

Mwenye haibridi ya kuchaji, yaani gari lenye injini ya mafuta na betri kubwa inayochajiwa kwa waya, akisema anataka kufungua bampa mwenyewe, atajibiwa na watu wa aina mbili. Kuna watakaomkataza kabisa: gari hilo lina umeme wa kuua, ampelekee fundi aliyesomea. Na kuna watakaomwambia bampa ni plastiki tu, klipu na skrubu, afungue. Mimi naona kila upande una ukweli wake, ila wote wawili wanabishana juu ya kufungua, wakati kazi ngumu ni kurudisha.

Hofu ya umeme ina msingi. Betri kubwa ya magari haya huwa na volti mia kadhaa, nyingi zikiwa 300 na zaidi, na nyaya zake huvikwa rangi ya chungwa ili mtu asizishike kwa bahati mbaya. Lakini kwenye magari mengi nyaya hizo hupita chini ya sakafu, kutoka kwenye betri hadi kwenye inverta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri uendeshe mota, iliyo chini ya boneti. Bampa lenyewe limebeba taa za ukungu, sensa za kuegesha, pengine na kamera, na vyote hivyo vinatumia volti 12. Kwa gari zima ambalo halijagongwa, anayefungua bampa la nyuma kwa kawaida hatashika waya wa chungwa hata mmoja.

Zipo hali mbili zinazobadilisha hesabu. Ya kwanza ni mahali pa kuchajia. Volkswagen Golf GTE ya kizazi cha saba na Audi A3 e-tron, kwa mfano, zina soketi ya kuchajia mbele kwenye grili, kwa hiyo waya mnene wa chungwa uko papo hapo nyuma ya plastiki unayotaka kuivuta. Ya pili ni ajali. Kama bampa linafunguliwa kwa sababu gari limegongwa, hakuna anayejua waya upi umechunika mpaka auone, na kuuona kwenyewe ndiko kunakohitaji vifaa na mafunzo. Hapo nakubaliana na wenye hofu bila masharti yoyote.

Kuna jambo dogo ambalo wenye ujasiri hulipita haraka mno. Haibridi ikiwa imewashwa inaweza kukaa kimya kama imezimwa, kisha injini ikajiwasha yenyewe. Na feni ya rejeta inaweza kuzunguka gari likiwa kwenye chaji. Chomoa chaji, zima gari, peleka ufunguo mbali, halafu toa terminali hasi ya betri ya volti 12 na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa soketi yoyote. Sababu ya kusubiri ni kwamba sensa za mkoba wa hewa mara nyingi ziko hapo mbele. Ukichomoa soketi yake swichi ikiwa imewashwa, taa ya onyo itawaka kwenye dashibodi na itabaki hapo hadi ifutwe kwa mashine. Tena, kwenye haibridi nyingi betri hiyo ndogo iko kwenye buti, na buti hufunguliwa kwa umeme. Usilifunge ukishatoa terminali.

Kazi ya mikono yenyewe haina siri, na hapa wanaotetea kufanya nyumbani wana hoja nzito. Pale kona ya bampa inapokutana na fenda ndipo panapotofautisha mvumilivu na mwenye haraka. Skrubu iliyojificha ndani ya upinde wa tairi ikishatoka, kona huvutwa kwenda pembeni, si mbele, na vishikio huachia kimoja kimoja kwa mlio. Anayevuta kwenda mbele huvivunja, na kuanzia siku hiyo bampa halikai tena sawa na fenda. Bandika mkanda wa karatasi kwenye ukingo wa fenda usichubue rangi, na awepo mtu wa kushika upande wa pili, maana waya wa soketi kuu huwa mfupi na bampa likidondoka huukata. Mtu asiye na foleni ya magari yanayomsubiri anaweza kuyafanya haya kwa uangalifu kuliko gereji yenye haraka. Hilo naliamini kabisa.

Tatizo linaanza bampa likisharudi. Magari mengi ya aina hii yana rada ya mbele inayolinda umbali na kufunga breki ya dharura, na mengine yana rada mbili kwenye kona za nyuma zinazoangalia upande usioonekana kwenye kioo. Rada ya mbele ikipinda kwa nyuzi 1 tu, mita 100 mbele inakuwa imekosea kwa karibu mita 1.7, yaani nusu ya njia ya gari. Atakayejitetea kwamba hakuna taa iliyowaka kwenye dashibodi ajue kwamba upotofu mdogo unaweza usiwashe taa yoyote. Kuna watengenezaji wanaoagiza rada ielekezwe upya kwa vifaa maalumu kila bampa linapotolewa, hata kama hakuna kilichovunjika. Na bampa lililozibwa kwa pati na kupakwa rangi nene mbele ya rada linaweza kuipunguzia uwezo wa kuona.

Sambamba na hilo kuna spika ya kuonya watembea kwa miguu, ambayo mara nyingi huwekwa nyuma ya bampa la mbele. Ulaya imeilazimisha kwa kila haibridi mpya inayoweza kwenda kwa umeme tangu Julai 2021, ilie gari likitembea hadi kilomita 20 kwa saa. Soketi yake ikisahaulika, dereva hatatambua kirahisi. Asiyeona anayevuka nyuma ya gari linalorudi kinyumenyume ndiye atakayeumia.

Kwa hiyo bampa la nyuma lisilo na rada, kwenye gari ambalo halijagongwa, lifunguliwe nyumbani na kila mwenye subira. La mbele ningeligusa pale tu rada imefungwa kwenye bodi na si kwenye bampa au grili, na mwongozo wa gari hilo hauagizi vipimo baada ya kulifungua. Mwongozo ukiagiza, tafuta kwanza gereji yenye vifaa vya kuielekeza rada, uulize gharama, uweke siku, ndipo utoe skrubu ya kwanza.