Toka Birmingham kwenda London: Mwingereza akihamia Kanada ndo anajua kumbe hajawahi kuwa mgeni

Nilipopiga simu Tanga kusema tunahama Uingereza tunaenda London, mama akaniuliza kwani miaka yote hiyo mlikuwa mnakaa wapi. Ikabidi nimweleze kuna London nyingine iko Kanada, jimbo la Ontario, na wenyewe hawakuona haya hata kidogo, mto unaopita mjini wameuita Thames, soko Covent Garden, barabara kubwa Oxford. Hilo jina la London alilileta Simcoe, gavana Mwingereza, mwaka 1793, na mto ulishakuwa na jina lake la wenyeji, Deshkan Ziibi, ila nani aliwauliza. Watu wa pwani hiyo tabia si tunaijua.

Sasa mume wangu ni Mwingereza wa kuzaliwa, Birmingham hapo, na ndo tatizo lilipoanzia. Kafika kaona sarafu ina sura ya mfalme wake, lugha ile ile, akajua kahamia mtaa wa pili tu. Mimi nilishahama mara moja, nilishuka Uingereza mwezi wa kwanza na koti la kuazima, kwahiyo utaratibu naujua, ukifika kwa watu funga mdomo fungua macho. Yeye ugeni wake wote maishani ni wiki mbili mbili za kuota jua Hispania. Watu wanasema sisi tunaotoka mbali ndo tunapata shida ya kuzoea, mimi nimeona kinyume kabisa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Gari tu. Leseni ya Uingereza hapa Ontario unabadilishiwa dirishani, mtihani hakuna, na kwa maoni yangu hapo serikali imekosea sana jamani. Mtu kaendesha kushoto toka ujanani kama sisi Bongo, leo unamwambia kaa kulia, mwezi mzima anapapasa gia mlangoni. Kipilefti ambazo Uingereza ziko kila kona (na sisi tulizirithi mpaka jina) hapa ni za kuhesabu, badala yake njia panda inawekwa vibao vinne vya stop, aliyefika kwanza anatangulia, mkifika pamoja wa kulia kwako apite. Basi unakuta Wakanada watatu wanapungiana mikono pita wewe, hapana pita wewe bana, na mume wangu wa nne anatafuta foleni iko wapi.

Halafu wiki ya tatu akataka kulipita basi la shule. Lile la njano, likiwasha taa nyekundu na kutoa kile kibao chake pembeni, magari yanasimama, hata nyie mnaokuja upande wa pili. Faini inaanzia dola 400 na leseni inaandikwa pointi sita. Nilipiga kelele mpaka watoto nyuma wakaanza kulia. Yeye ananiambia "lakini halikuwa upande wangu". Baba, hii sio Birmingham.

Ya birika ndo ilinimaliza. Alikataa kuacha birika lake la umeme, kalifunga kwenye taulo katikati ya begi, kanunua na adapta maana plagi ya Uingereza ni ile ile yetu ya miguu mitatu bapa na hapa haiingii. Asubuhi ya kwanza kachomeka, kajaza maji, kasimama pembeni na kikombe. Tukasubiri. Nikavalisha watoto wote wawili, nikarudi, maji vuguvugu. Umeme wa huku ni volti 120, wa kule 230, birika la kule likichomekwa huku linapata kama robo ya nguvu yake. Dukani tukaona jipya dola 39.99, kahesabu hela yake vizuri mkononi, kaunta anaambiwa 45 na senti zake, maana kodi ya Ontario asilimia 13 inaongezwa mwisho. Uingereza wanakukata asilimia 20 lakini imo ndani ya bei, unaibiwa kimya kimya kwa heshima. Alinung'unika mpaka kwenye gari, na ndo kwanza hatujaenda hotelini akaona bakshishi ya asilimia 18 inavyosubiri kwenye ile mashine ya kadi.

Lakini nami nina langu. Likizo. Uingereza mfanyakazi ana siku 28 kwa mwaka kisheria ukijumlisha na sikukuu, nilikuwa naenda Tanga wiki nne nakula mpaka viatu vinanibana. Hapa unaanza na wiki mbili na sikukuu tisa, wiki ya tatu mpaka umalize miaka mitano kwa mwajiri yule yule. Toa siku mbili za ndege kwenda, mbili kurudi, utamsalimia nani sasa? Hili wala siwatetei.

Kinachowaokoa ni majirani. Theluji ya kwanza nzito mume wangu katoka saa kumi na moja alfajiri na beleshi, kasafisha njia ya gari yote mpaka barabarani, kaingia kunywa chai, huku nyuma katapila la manispaa likapita likamwekea tuta zima pale pale mlangoni. Alisimama dirishani hasemi kitu. Mara jirani, mzee ambaye hata jina hatujalijua, kaja na mashine yake ya kurusha theluji kaondoa lote na kuondoka bila kugonga mlango. Birmingham tulikaa miaka tisa na jirani tulipeana hali ya hewa tu. Halafu huku ukiingia kwa mtu unavua viatu mlangoni! Mimi nilijiona kama niko kwetu Ngamiani, mume wangu soksi imetoboka.

Sasa tulitaka mama mkwe aje kukaa nasi moja kwa moja, kagoma, na hesabu zake ziko sawa. Pensheni ya serikali ya Uingereza hupandishwa kila mwezi wa nne, ukihamia Kanada inaganda pale pale ulipoondoka nayo. Angehamia Detroit, saa mbili tu kwa gari toka kwangu, ingepanda kama kawaida maana Marekani wana mkataba. Kwahiyo atakuja kutembea mwezi wa saba. Kauliza alete nini, mwanae kamjibu alete majani ya chai mengi, birika aliache.