Mwanamke Mtu Mzima Kumzimia Mwigizaji: Kosa Liko Wapi?

Mwanamke wa Kampala mwenye miaka arobaini na kitu, ana watoto na duka lake la vitenge, akisema hadharani kwamba anamzimia mwigizaji Idris Elba, ataambiwa mambo hayo ni ya wasichana wa shule. Shangazi atauliza kama nyumbani kazi zimekwisha.

Sasa tazama mji wa Jinja, hukohuko Uganda. Januari 2023 Arsenal iliifunga Manchester United 3-2. Kesho yake mashabiki wakaingia barabarani na jezi zao nyekundu, wamebeba kombe la bandia, na ligi yenyewe ilikuwa bado miezi kadhaa iishe. Polisi wakawakamata wanane kwa kuandamana bila kibali. Watu walicheka, lakini ni kile kicheko cha kirafiki, cha kumpigapiga mtu mgongoni. Sikusikia mtu akiuliza kama wanaume wale wana wake, au wamekosa nini nyumbani. Baba mzima huvaa mgongoni jina la kijana asiyemjua, timu ikifungwa anasusa chakula cha mkewe, na jina lake ni shabiki. Dada yake akiweka picha ya mwigizaji kwenye simu, anatafutiwa ugonjwa.

Wanaolalamika hawasemi upuuzi mtupu. Mume analinganishwa na mtu aliyetungiwa maneno, akapangiwa taa, na akikosea anarudia mpaka apatie. Mume hana wa kumwambia arudie. Wapo wanawake wanaoigeuza tamthilia kuwa fimbo ya kumchapia mwenzao kila jioni, na hilo ni dharau.

Lakini wengi hawafiki huko. Wakati tamthilia ya Second Chance ilipokuwa imeziteka sebule zetu, nyota wake Mario Cimarro, mzaliwa wa Havana, alikuwa na wapenzi hadi sokoni. Niliowasikia wakimzungumzia walianza na nywele na kifua, kama kawaida, kisha wakakaa zaidi kwenye jinsi anavyomtazama mwanamke anapoongea. Mama aliyezoea kujibiwa na mtu aliyeinamia simu anajua hapo amekosa nini. Kumzimia mwigizaji humpa nafasi ya kulisema bila kumshtaki mtu. (Tena kwenye vibanda vya video, ambako VJ, yaani msimulizi, hutafsiri filamu kwa Luganda, sauti inayomsisimua ni ya Mganda mwenzake, pengine jirani kabisa. Mume aliyemwonea wivu mwigizaji wa filamu ya Kikorea amekosea mlango.)

Watafiti Donald Horton na Richard Wohl, walioandika mwaka 1956 juu ya uhusiano huu wa upande mmoja kati ya mtazamaji na mtu wa kwenye skrini, hawakuuona kuwa ugonjwa. Walisema unakuwa tatizo pale tu unapochukua nafasi ya maisha ya mtu na watu wengine. Mwenye duka anayecheka na wenzake juu ya Idris yuko mbali sana na mpaka huo.

Hatari ninayoikubali bila kubishana ni ya matapeli. Januari 2025 Ufaransa ilisikia habari za mwanamke wa miaka 53 aliyepoteza euro 830,000 kwa watu waliojifanya Brad Pitt, wakamtumia hadi picha za kutengenezwa za mwigizaji huyo akiwa kitandani hospitalini. Wapinzani huishika habari hii kama ushahidi wa mwisho. Mimi naisoma hadi mwisho wake: kipindi cha kisa chake kilipoonyeshwa, alizomewa mtandaoni kiasi kwamba kituo cha televisheni cha TF1 kilikiondoa. Mwizi aliendelea na zake, aliyeibiwa ndiye akawa kichekesho.

Fedha hizo hazikutoka kwa siku moja, na tapeli wa aina hii hutegemea siri. Ujumbe wa kwanza wa “mimi ndiye yule mwigizaji” ukiingia kwenye simu ya mwenye duka wetu, dawa yake ni binti yake au jirani wa kibanda cha pili, auchungulie na kusema, “Mama, huyu ni mwizi, usimjibu.” Lakini ataonyeshaje ujumbe huo kwa watu waliomcheka kwa sababu ya picha tu?