Ng'ombe Wanaingia Bure

Leo tena nimefungiwa lango. Mimi, mweka hazina wa timu, mtu mzima mwenye kitabu cha risiti na kalamu mbili mfukoni, nimesimamishwa nje ya uwanja wa shule hapa Kondele, Kisumu, kama muuza omena, wachezaji 14 nyuma yangu wakivaa daluga chini ya mwarobaini.

"Elfu mbili," akasema mlinzi.

"Mzee, wiki jana ilikuwa elfu moja."

"Wiki jana nyasi ilikuwa fupi, kijana."

Nina miaka 47. Nikameza mate, nikamweleza kwa heshima zote kwamba hatuna mdhamini, na mchango wa hamsini kwa kila mchezaji nusu yao hulipa kwa ahadi. Akasikiliza vizuri sana, kisha akataka barua. Nikatoa barua. Muhuri? Huo hapo. Akaugeuza juu chini, akasema huu ni wa bluu. Nyuma yake, ndani ya kijisanduku cha penalti, ng'ombe wanne wanajilia.

"Na hao wamelipa?"

"Hao ni wa hapa."

"Mzee, yule mwekundu ameotea tangu tufike!"

Hakucheka. Tukachanga palepale: nauli ya refa ikaingia, pesa ya maji ikaingia, golikipa akatoa mia aliyotumwa unga. 1,850. Akatuonea huruma, akafungua. Ila nyavu ni mia tatu zaidi.

Tukacheza bila nyavu. Bao lililotuua lilipita nje ya mlingoti, naapa, lakini refa uliyemla nauli utamwambia nini?

Watu wanatuambia eti twendeni Mamboleo, kuna uwanja wa kisasa. Kwa muhuri huu wa bluu? Gor Mahia yenyewe, klabu kubwa ya soka iliyoanzishwa 1968 na kutwaa Kombe la Washindi la Afrika 1987, bado ni mpangaji wa viwanja kama mimi. Mheshimiwa naye tulimwomba mpira, akatuletea kofia zenye sura yake.

Sasa jezi zote ziko kwangu, matope na samadi. Mama watoto ametazama beseni, akanitazama mimi, akaenda kwa jirani. Na sabuni imeisha. Yule wa duka siku hizi anakata kipande chembamba kama wembe, ukimuuliza anasema kisu ni kipya. Kisu kipya! Jana nimeoga na hicho kipande mara moja, kikaondoka na maji.