Gari Langu Lina Kifua

Mimi sikutaka disko. Hilo tulielewane mapema. Nilitaka besi kidogo tu, ya heshima, ya mtu mzima mwenye mkopo wa sacco. Itoke kule nyuma inipapase mgongo nikiwa kwenye foleni, nisahau karo.

Gari langu ni la 2004. Liliteremka Mombasa 2011, likiwa limebakisha kidogo tu livuke ile miaka 8 ya sheria ya kuingiza magari yaliyotumika, na tangu siku hiyo linadai pensheni. Redio ni ileile ya Kijapani. Ina mdomo wa kumeza MiniDisc, kijisahani cha muziki ambacho sijawahi kukiona kwa macho, na masafa yake yanaishia 90 ilhali FM ya hapa kwetu inapanda mpaka 108. Kwa hiyo nashika vituo viwili: kimoja kinahubiri, kingine kinatangaza vifo. Nyimbo napiga za CD.

Sasa, ile sabufa ya kiwandani iliyojificha kwenye kibao cha nyuma, chini ya kioo, ikaanza kukohoa. Besi ikigonga tu, krrrr, kama bati lililolegea usiku wa upepo. Mama mkwe, siku nampeleka kliniki, alivumilia kutoka Rongai mpaka karibu na Bomas, kisha akasema, "Baba Njeri, gari lako lina kifua. Ulilinywesha tangawizi?" Na hapo ubavuni imesimama matatu iliyochorwa mpaka kwenye tairi, besi yake inatikisa kioo changu cha pembeni. Yaani sabufa ya jirani inachapa kazi ndani ya gari langu, na yangu imelala!

Jumamosi nikashuka Luthuli Avenue. Kijana wa duka hakuuliza hata gari ni gani. Alitazama kitambi, akakisia mshahara, akaniletea dubwana la inchi 12 lililochorwa moto, limeandikwa wati 1200.

"Mkubwa, na hii utasikika mpaka Thika."

Nisikike Thika kwa nini? Nina madeni Thika.

Halafu mimi hesabu ninazijua kidogo. Betri ya gari ni volti 12. Wati 1200 hapo zinataka ampea 100, na fyuzi ya redio yangu ni ya 15. Kumwambia hivyo, akanitazama kama mtu aliyeingia baa na daftari la mahudhurio. "Mzee," akanijibu kwa upole, "hizo ni wati za muziki."

Nikahamia Grogan, ambayo kwenye vibao vya serikali ni Kirinyaga Road, lakini nani anasoma vibao. Fundi wa kwanza alinipokea msumeno ukiwa tayari mkononi. "Tunakata kibao kidogo tu, boss." Neno "kidogo" kinywani mwa fundi wa Nairobi halina kipimo; nilishawahi kukubali kidogo cha bomba la jikoni nikalala wiki nzima bila sinki. Nikamweleza taratibu: yangu ni ya inchi 8, na tena ni ya omu 2, kile kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme. Nyingi za madukani ni za 4. Ukiichomeka ya omu 4 kwenye amplifaya hiyohiyo, nguvu inashuka karibu nusu, unabaki na sabufa mpya inayonong'ona.

Akafikiri. Akasema, "Omu tutaongeza."

Jamani! Shida si ndiyo hiyo, kwamba zimezidi?

Aliyeniokoa ni mzee mmoja wa Ngara mwenye kibanda cha kutengeneza redio, miwani yake imefungwa kwa waya. Hakutaka kuniuzia chochote, jambo lililonitia wasiwasi. Aliifungua sabufa, akaigusisha betri ya tochi kwenye ncha zake mbili. Puk! Koni ikaruka. "Koili ni nzima," akasema. "Kilichokufa ni hii sponji." Akapitisha kidole kwenye ule ukingo unaoishika koni, ukamwagika kama mandazi ya juzi. Miaka yote hiyo jua la kioo cha nyuma lilikuwa linaikaanga polepole, na mimi nimeegesha nikijisifu kwamba nimepata nafasi ya bure. Akang'oa kofia ya katikati, akachomeka vipande vya karatasi kuzunguka koili ili isisugue, akabandika ukingo mpya, akaniambia nirudi kesho yake gundi ikishakauka.

Shilingi 800. Mpaka hapo nilikuwa nimeshatumia 1,100 kwa maegesho na chai za kuwasikiliza mafundi.

Jumatatu, mama mkwe ana kliniki tena. Nikamfungulia mlango wa nyuma kwa madaha, akaketi na kibao kikiwa karibu na kisogo chake. CD sikuthubutu. Nyimbo zangu zile, mbele ya mama mkwe? Nikabonyeza redio nikitafuta mahubiri, kikaja kile kingine.

"TUNASIKITIKA KUTANGAZA..."

Sauti ilitoka chini, ikapanda na viti, kioo kikatetemeka. Besi safi, hakuna krrrr hata chembe! Nilikuwa natabasamu peke yangu nilipoona kwenye kioo cha kutazamia nyuma mama mkwe ameshika rozari kwa mikono miwili.

"Zima, Baba Njeri," akasema. "Afadhali lilipokuwa linakohoa."