Kwani Lazima Awe Anaruka kwa Ajili ya Mtoto?

"Shangazi, huyu si kocha?"

Mpwa wangu wa miaka tisa alikuwa ameniegemea begani, tunatazama kipande cha video cha jimnastiki ya Olimpiki ya Tokyo kwenye simu. Mwanamke amesimama mwisho wa njia ya kukimbilia, viganja vyeupe kwa chaki, na uso ni wa mtu mzima kabisa. Sikumlaumu mtoto. Mashindano hayo yalijaa wasichana ambao mama huyo angeweza kuwazaa. Mara akatoka mbio, akakanyaga ubao, akaipiga kwa viganja meza, kile kifaa wanachokiruka, na kujizungusha hewani. Mpwa wangu kimya. Halafu: "Hebu rudisha."

Ni Oksana Chusovitina, mzaliwa wa Bukhara, Uzbekistan, mwaka 1975. Julai 2021 alikuwa na miaka 46 na ile ilikuwa Olimpiki yake ya nane. Ya kwanza ilikuwa Barcelona 1992, alipopata dhahabu ya timu akiwa na kikosi cha pamoja cha jamhuri zilizokuwa Muungano wa Kisovieti. Simone Biles, ambaye dunia nzima inamjua, alikuwa hajazaliwa. Alikuja miaka mitano baadaye.

Sasa, kila ninapokutana na habari za Chusovitina, nakuta zimepikwa kwenye sufuria moja: mama aliyeruka ili mwanawe apone. Na ni kweli, wala sitaki kuidogosha. Mwaka 2002 mwanawe Alisher, mtoto wa miaka miwili tu, aligundulika kuwa na saratani ya damu. Nyumbani hakukuwa na matibabu ya kutosha. Klabu ya Cologne, Ujerumani, ikawapokea, watu wa jimnastiki wa nchi mbalimbali wakachanga, na yeye akawa anazunguka kwenye mashindano kutafuta fedha za zawadi. Mwaka 2003 akawa bingwa wa dunia wa meza kule Anaheim, Marekani, huku mtoto yuko kwenye dawa kali. Mwaka 2006 akachukua uraia wa Ujerumani, na miaka miwili baadaye, Beijing, akaipatia nchi hiyo medali ya fedha. Alikuwa na miaka 33. Alizidiwa na Hong Un-jong wa Korea Kaskazini kwa pointi 0.075 tu. Kipindi hichohicho madaktari wakawa wamemwambia kuwa mtoto amepona.

Hapo ndipo watangazaji hufuta machozi na kufunga kipindi. Lakini tupige hesabu. Chusovitina alikuwa bingwa wa dunia wa sakafu Indianapolis mwaka 1991, ana miaka 16, miaka minane kabla Alisher hajazaliwa. Mtoto alipopona, mama hakuacha. Akaenda London 2012, akaingia fainali ya meza na kushika nafasi ya tano. Akarudi kwenye bendera ya Uzbekistan, akaenda Rio 2016, fainali tena, ana miaka 41. Halafu Tokyo. Ugonjwa wa mtoto unaeleza kama miaka sita. Kuanzia Indianapolis hadi Tokyo ni miaka thelathini. Hiyo ishirini na minne mingine tunaiweka wapi?

Roger Milla alipofunga bao Kombe la Dunia 1994 akiwa na miaka 42, sikumbuki mtu akiuliza ni nani mgonjwa nyumbani kwake. Tulisema mzee anaujua mpira, basi. Mwanamke akidumu kazini lazima atafutiwe mtu anayemfanyia: mtoto, mume, taifa. Tunashindwa kuamini kwamba mtu mzima, mama wa mtu, anaweza kuamka alfajiri akaenda kupaka chaki kwa sababu tu anapenda ile sekunde moja ya kuwa hewani.

Na alidumu kwa ufundi, si kwa machozi. Kwenye jimnastiki ya wanawake kuna vifaa vinne: meza, vyuma, boriti na sakafu. Sakafu inakula dakika moja na nusu ya kuruka na kutua, na magoti ndiyo yanayolipa. Meza ni mbio zisizozidi mita 25, kishindo kimoja cha ubao, viganja kwenye kitu chenye kimo cha sentimita 125, na kutua. Inataka nguvu za mguu na akili iliyotulia, na vyote viwili mtu mzima anaweza kuwa navyo kuliko binti wa miaka 16. Kadiri miaka ilivyokwenda aliviacha vifaa vingine, hadi Tokyo akabaki na meza peke yake. Alipoanza, wanawake walikuwa wanarukia kile kifaa chembamba cha zamani kilichoitwa farasi. Mwaka 2001 ikaja meza pana, akajifunza upya. Mwaka 2006 alama ya kumi iliyokamilika ikafutwa, hesabu ikawa nyingine, akajifunza tena. Ana medali tisa za meza kwenye mashindano ya dunia. Fundi akibadilishiwa randa katikati ya kazi bado anakutengenezea kiti, na huyu ni fundi wa aina hiyo.

Tusimfanye malaika, lakini. Rio alijaribu mruko wa Produnova, samasoti mbili za mbele, yaani kupinduka hewani mara mbili, baada ya kugusa meza, ule ambao wenyewe wanauita mruko wa kifo. Alitua akabiringika, akamaliza wa saba. Nilikasirika mbele ya televisheni, nikasema huyu mama anataka kuvunjika shingo. Bado naona ule uamuzi haukuwa wa busara. Ila ulikuwa uamuzi wa mtu anayetaka medali, na nadhani ndicho kilichonikera: nilitaka awe bibi mpole wa kupungiwa mikono.

Tokyo walimpungia. Majukwaa yalikuwa matupu kwa sababu ya korona. Aliishia nafasi ya 14, fainali inachukua wanane. Wachezaji, makocha na maofisa wakasimama kumpigia makofi, akalia, akaaga. Baadaye akageuza uamuzi. Mwaka 2023 alikuwa Hangzhou kwenye Michezo ya Asia, akawa wa nne. Mwaka 2024 aliumia na Paris ikampita. Mwaka 2025, akikaribia kutimiza hamsini, alikuwa bado yumo mashindanoni.

Mpwa wangu alipoyasikia haya akakunja uso. "Kwani haachi kwa nini?"

Na mimi, pamoja na maneno yangu yote, nikajikuta tayari nimefungua mdomo: "Alikuwa na mtoto mgonjwa..." Nikajizuia. Nikamrudishia video mwanzo, pale anapotoka mbio.