Neno "run" na maana zake 645: utajiri au mzigo?

Kwa miaka mingi, ukimuuliza mtunga kamusi wa Kiingereza ni neno gani lenye maana nyingi kuliko yote, alikujibu hapohapo: "set". Katika toleo la pili la Oxford English Dictionary, lililotoka mwaka 1989, kitenzi hicho kilipewa maana zipatazo 430, na ukijumlisha na misemo yake, maelezo yalifika maneno 60,000 hivi. Hicho ni kitabu kizima kuhusu silabi moja. Baadaye wahariri walianza kuipitia upya kamusi hiyo kuanzia herufi M, na ubingwa ukaanza kuhamahama: mwaka 2000 ukaenda kwa "make", mwaka 2007 kwa "put", na mwaka 2011 ukatua kwa "run", kitenzi kilichohesabiwa maana 645. Mhariri Peter Gilliver alikaa na neno hilo miezi tisa.

Tarakimu hiyo hupenda kurushwa mitandaoni. Kuna wanaoishangilia, kwamba angalia lugha inavyoweza kufanya mengi kwa herufi tatu. Na kuna wanaoinyooshea kidole: lugha gani hii, neno moja linaweza kuwa lolote? Mimi naona kambi zote mbili zimeruka swali la kwanza. Hizo 645 zimehesabiwaje?

Mwanariadha anapokimbia, Mwingereza husema "runs". Mto ukitiririka, "runs". Pua yenye mafua, injini iliyowashwa, barabara inayopita bondeni, mkataba wa miaka mitatu, tamthilia inayoonyeshwa miezi mfululizo, rangi ya nguo inayochuja kwenye maji: zote "run". Mgombea urais wa Marekani naye "runs", ingawa Uingereza mgombea ubunge husemwa kwamba amesimama, si kwamba anakimbia. Je, hapo pana maana tisa, au pana wazo moja la kitu kinachokwenda bila kukatika, likibadilisha nguo tu kulingana na shughuli?

Wanaisimu wana kipimo chao. Chukua neno, litumie mara moja tu kwa vitu viwili, usikilize linavyosikika. Ukisema "she ran a shop and a marathon", msikilizaji anatabasamu, maana kitenzi kimelazimishwa kuendesha duka na kukimbia mbio kwa pumzi moja. Basi hizo ni maana mbili. Lakini sema "the road and the river run through the valley" na hakuna atakayecheka, ingawa kamusi nyingi hutenga mtiririko wa maji na mkao wa barabara, ambayo kwa kweli haiendi popote. Kipimo hicho kinasaidia, ila kinavuja. Mtu mmoja husikia utani pale ambapo mwenzake hasikii kitu.

Ndiyo maana watunga kamusi wenyewe hawajawahi kukubaliana. Wapo wapasuaji, ambao kila tofauti ndogo huipa namba yake, na wapo waunganishaji, ambao hutafuta shina moja na kuyaacha matawi yajieleze. WordNet, hazina ya maneno iliyojengwa Chuo Kikuu cha Princeton, inakipa kitenzi "run" maana 41. Kutoka 41 hadi 645 ni zaidi ya mara 15, kwa neno lilelile. Oxford ina sababu yake: ni kamusi ya historia, haizitupi maana zilizokufa, na kila kichipukizi cha karne yoyote hupewa kaburi au chumba. Hata hizo 41 ziliwashinda watu. Watafiti waliokuwa wakitayarisha mkusanyo wa matini uitwao OntoNotes waliona kwamba wasomaji waliopewa kazi ya kuchagua maana kwenye sentensi halisi hawakubaliani, wakawa wanaziunganisha maana mpaka makubaliano yafike kama asilimia 90. Na mwaka 1997 Adam Kilgarriff, Mwingereza aliyefanya kazi ya kamusi na kompyuta, alichapisha makala iliyotangaza kwenye kichwa chake tu kwamba yeye haamini kuwapo kwa maana za maneno. Alichotaka kusema ni kwamba kilichopo ni matumizi, na maana ni mafungu tunayoyafunga sisi kwa ajili ya kazi tuliyo nayo.

Nakubaliana naye kwa sehemu kubwa. Lakini kusema namba ni ya kamusi si sawa na kusema tatizo halipo.

Tuanze na wanaotetea. Mwaka 1945 George Kingsley Zipf, mwanaisimu wa Marekani, alionyesha kwamba idadi ya maana za neno hupanda takriban kwa kipeuo cha pili cha wingi wa matumizi yake: neno linalotumika mara 100 zaidi ya jingine hutarajiwa kuwa na maana mara 10 zaidi. Kwa hiyo "run" si kioja. Ni neno fupi, la zamani, lililo mdomoni kila siku, na maneno ya namna hiyo huvuta kazi kila mahali. Zilipokuja mashine, watu hawakuketi kubuni kitenzi kipya. Injini ilipewa kile cha miguu na maji, treni ikapewa hichohicho, na programu ya kompyuta nayo ikaingia mlango uleule. Kiswahili kinafanya vivyo hivyo bila kujisifu. Tunapiga simu, picha, kura, pasi, hodi na mswaki, na hakuna aliyewahi kumwumiza mtu kwa kudhani kura inapigwa kwa ngumi.

Zipf aliliona jambo hili kama mvutano. Msemaji angefurahi kuwa na neno moja la kila kitu; msikilizaji angefurahi kila kitu kiwe na neno lake. Lugha inakaa katikati. Mwaka 2012 watafiti Steven Piantadosi, Harry Tily na Edward Gibson waliendeleza hoja hiyo: ikiwa mazingira ya mazungumzo tayari yanamwambia msikilizaji mengi, ni hasara kuyarudia ndani ya neno lenyewe, na ni faida kuyatumia tena na tena maneno mafupi na mepesi. Mwanaisimu Noam Chomsky alikuwa ameuchukua utata huohuo kama dalili kwamba lugha haikuumbwa hasa kwa ajili ya mawasiliano. Kwenye hili nipo na akina Piantadosi. Sentensi kama "she runs the marathon" ina utata halisi, kwani haijulikani kama mama huyo anashiriki mbio au ndiye mwandalizi. Lakini ni lini mtu aliitamka ikiwa peke yake, hewani, bila anayezungumziwa kujulikana? Ongeza maneno mawili tu kuhusu viatu vyake au kuhusu wadhamini, na utata umekwisha.

Hapo ndipo utetezi unapoishia pia, kwa sababu unategemea msikilizaji awe na hayo mazingira. Si kila mtu anayo.

Mwanafunzi wa lugha hana. Mwaka 1930 C. K. Ogden, mtaalamu wa lugha wa Uingereza, alitangaza Kiingereza chepesi chenye maneno 850 tu, vitenzi vikiwa 18 pekee, na mwaka 1943 Winston Churchill alikisifia hadharani akiwa Chuo Kikuu cha Harvard. Ilionekana kama zawadi kwa dunia nzima. Siri ya mpango huo ilikuwa kuvibebesha vitenzi vya kawaida kazi ya vilivyofukuzwa. Badala ya "surrender" (kusalimu amri), useme "give up". Badala ya "tolerate" (kuvumilia), useme "put up with". Kwa aliyezaliwa katika lugha, hayo ni mepesi kuliko maji. Kwa mgeni ni kinyume. "Surrender" ataifungua kamusi mara moja na kuipata. "Put up with" anayajua maneno yote matatu, na bado hajui kilichosemwa. Hesabu ya Ogden ilihesabu maneno, haikuhesabu mzigo. Na huo ndio udanganyifu wa kumfundisha mtu kwamba "run" ni kukimbia, halafu kumwacha akutane na "run out of" (kuishiwa), "run over" (kugonga kwa gari) na "run into", ambayo inaweza kuwa kukutana na mtu kwa bahati au kumparamia.

Kompyuta nazo zilikwama hapohapo. Mwaka 1960 Yehoshua Bar-Hillel, mtafiti wa tafsiri kwa mashine, aliandika kuhusu mtoto aliyekuwa akitafuta sanduku lake la vitu vya kuchezea na kulikuta ndani ya "pen". Neno hilo ni kalamu, na pia ni uzio mdogo wa kumwekea mtoto. Binadamu hafikirii mara mbili, maana sanduku haliingii ndani ya kalamu. Bar-Hillel alisema mashine isiyojua ukubwa wa vitu haitaweza kuchagua, na kwa muda mrefu alikuwa sahihi. Programu ya word2vec ya mwaka 2013, inayogeuza maneno kuwa namba, bado ililipatia kila neno wakilisho moja tu, yaani safu moja ya namba, liwe na maana moja au 645. BERT, programu ya lugha ya Google ya mwaka 2018, ililipatia neno wakilisho jipya katika kila sentensi, kulingana na majirani zake. Orodha ya maana haikuhitajika tena. Kilgarriff angetabasamu.

Lakini mahali ambapo jambo hili linauma kweli ni mahakamani, na mfano mzuri hautoki kwa "run" bali kwa ndugu zake wawili wa kila siku, "use" na "carry".

Sheria ya shirikisho ya Marekani iliweka adhabu ya ziada kwa mtu anayetumia au kubeba silaha wakati wa kosa la dawa za kulevya na kuhusiana na kosa hilo: miaka 5, na miaka 30 silaha ikiwa ya kufyatua mfululizo. Katika kesi ya Smith ya mwaka 1993, mshtakiwa hakumtishia mtu wala hakufyatua risasi. Alitaka kubadilishana bunduki yake ya MAC-10, iliyogeuzwa kufyatua mfululizo, na kokeini. Je, aliitumia silaha? Majaji 6 wa Mahakama ya Juu walisema ndiyo, kwa kuwa kulipia kitu kwa bunduki nako ni kuitumia. Watatu walikataa. Mmoja wao, Antonin Scalia, aliandika kwamba mtu akikuuliza kama unatumia mkongojo, hataki kujua kama umetundika ukumbini ule wa babu yako. Anataka kujua kama unatembea nao. Kwangu, Scalia aliielewa lugha vizuri zaidi siku hiyo. Neno "use" linaruhusu maana ya wengi, hilo halipingiki. Swali lilikuwa maana ipi inakuja akilini silaha inapotajwa kando ya kosa.

Mahakama hiyohiyo ikaanza kujikunja. Mwaka 1995, katika kesi ya Bailey, ilisema kuwa na bunduki karibu tu hakutoshi kuitwa kuitumia. Mwaka 2007, katika kesi ya Watson, ilisema anayepokea bunduki kama malipo ya dawa hakuitumia. Ukiziweka kando kwa kando Smith na Watson, anayetoa bunduki ametumia na anayeipokea hajatumia, ndani ya biashara ya aina ileile. Wakili anaweza kuitetea tofauti hiyo. Mtu wa kawaida atakuna kichwa.

Kati ya kesi hizo iliingia ya Muscarello, mwaka 1998. Bunduki ilikuwa ndani ya kisanduku cha dashibodi ya gari, kimefungwa kwa ufunguo. Je, mwenye gari alikuwa ameibeba? Kwa kura 5 dhidi ya 4, jibu lilikuwa ndiyo. Jaji Stephen Breyer, aliyeandika uamuzi, alianzia kwenye kamusi, ikiwemo Oxford English Dictionary yenyewe, ambako maana ya kwanza ya "carry" ni kusafirisha, awali kwa mkokoteni, kisha kwa chombo chochote. Akaichukua maana hiyo kuwa ndiyo ya msingi, na kubeba mwilini kuwa maana maalumu.

Tatizo ni kwamba kamusi ile hupanga maana kwa umri. Ya kwanza ni kongwe kuliko zote. Haina maana kwamba ndiyo inayotumika zaidi, wala kwamba ndiyo waliyoikusudia wabunge. Breyer hakuishia kwenye kamusi, alitafuta pia mifano katika magazeti, na jaji mwenzake Ruth Bader Ginsburg akampinga kwa mifano mingine inayoelekea upande wa pili. Wote wawili walipata walichokitafuta, jambo lisiloshangaza kwa neno lenye maana nyingi kiasi hicho.

Mwaka huohuo wa 1998 Bunge la Marekani liliirekebisha sheria hiyo. Halikufafanua "use" wala "carry". Liliongeza neno la tatu, kumiliki silaha kwa ajili ya kuendeleza kosa, na mabishano yakahamia huko.